SOMO: TUMPIME KIONGOZI SIKU AMBAYO HAYUPO



Hapa Mitunguu maji ya mto Thingithu yametupa ndizi. Lakini ndizi hazijiuzi. Biashara ya kikundi inataka kiongozi. Tutampimaje? Si kwa maneno matamu mkutanoni. Lori likija naye hayupo, tujiulize:

1. Nani mwingine anajua kupima kwa mizani na kupatana bei?
2. Kitabu cha mauzo kiko wapi? Mwanachama anaruhusiwa kukisoma?
3. Pesa za benki zinatolewa kwa sahihi ngapi?

Jibu likiwa "tungoje mwenyekiti", basi biashara ni ya mtu mmoja. Akiugua, ndizi zinaiva shambani na broka anajitajia bei.

Dawa si kumfukuza. Kila siku ya kuuza, mwanachama mmoja afuatane naye: mara ya kwanza aangalie, ya pili apime, ya tatu aandike kitabu. Akina mama na vijana nao wapewe zamu. Tuiandike zamu hiyo katika katiba ya kikundi, isibaki maneno tu.

Kazi ya kufanya: mkutano ujao mwenyekiti akae nyuma, makamu aongoze. Kisha tujadiliane: tulikwama wapi? Hapo ndipo pa kufundishana. Kidole kimoja hakivunji chawa.