Je, Mzazi Mwenye Akili Huzaa Mwenye Akili?



Jioni moja, baada ya darasa letu hapa Kitale, mzee mmoja aliyekuja kutoka Bungoma alibaki nyuma wenziwe walipokwisha kuondoka, akatuuliza swali ambalo lilionekana limemkaa moyoni siku nyingi. Ana watoto wawili katika sekondari ya kutwa, na karo haiwatoshi wote wawili. Yeye ni mwalimu, na mkewe pia ni msomi. Mtoto wa kwanza, mvulana, hushika nambari za mbele. Ama wa pili, msichana, huleta kila muhula alama za kusikitisha. Watu wa ukoo wamekwisha mpa shauri, kwamba huyu amechukua uzito wa upande wa bibi yake, basi fedha zisipotezwe. Akasema, "Maalim, si husemwa maji hufuata mkondo? Na kama akili ni urithi, mbona hawa wa tumbo moja hawakurithi sawasawa? Nimtoe?"

Tulimwomba atupe muda, kwani swali ambalo juu yake mtoto atatolewa shuleni si la kujibiwa kwa mithali. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Atakaye kuthibitisha kuwa akili hurithiwa hana haja ya kwenda mbali. Atautaja ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, ndiye aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni. Na mwanawe, Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014, alikuwa profesa aliyejulikana dunia nzima. Vizazi vitatu, na kila kimoja kina mtu. Je, si damu hiyo?

Lakini utazame ukoo huo kwa karibu zaidi. Sheikh Al-Amin alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, mwaka 1894, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Na huyu Ali naye alifiwa na babake akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari alipata daraja la tatu, na matokeo hayo hayakumwezesha kuingia Makerere. Akawa karani katika chuo cha MIOME, Mombasa. Lau wakati ule angalitokea mtu akamhukumu kwa karatasi ile, angalisema: mwana wa mwanachuoni, lakini akili haikumfikia. Kisha siku ya Maulidi alitoa hotuba mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, akasikiwa, na mlango ukafunguka: Huddersfield, Manchester, Columbia, Oxford. Na katika miaka ya 1960 akawa profesa katika Makerere ile ile.

Basi watoto hawa walirithi nini? Bila shaka walirithi kitu katika damu. Lakini walirithi pia nyumba yenye vitabu, na watu ambao mazungumzo yao ya jioni yalikuwa ni ilimu, na jamaa ambao baba alipokufa hawakumwacha yatima aende ovyo. Mbegu na udongo zilitoka mahali pamoja, wala hakuna awezaye kuzitenga kwa kuutazama ukoo mmoja tu. Hili ndilo kosa alilolifanya Mwingereza Francis Galton katika kitabu chake cha mwaka 1869, alipohesabu watu mashuhuri na kuona wana jamaa mashuhuri. Alisahau kuwa mwana wa jaji hupata na mwalimu wa jaji, na marafiki wa jaji.

Hata hivyo Galton huyo huyo aligundua jambo ambalo mzee wetu anapaswa kulijua. Mwaka 1886 alitangaza vipimo vya urefu vya watu wazima 928 pamoja na wazazi wao. Akaona kuwa wazazi warefu mno huzaa watoto warefu, naam, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Na wafupi mno huzaa wafupi, lakini si wafupi kama wao. Watoto hurejea upande wa kati. Na akili iliyopimwa kwa mitihani ya wanasaikolojia hufuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1981 wataalamu wawili, Bouchard na McGue, walikusanya uchunguzi 111, mwingi wake wa Ulaya na Marekani, na katika mizani ambayo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kufanana kabisa, mzazi mmoja na mtoto aliyemlea walipata 0.42. Kwa mzazi na mtoto wa kulea asiyekuwa wa damu yake ilikuwa 0.19. Maana yake ni nini? Ikiwa wastani wa watu ni 100, na baba ana 120, wala hatujui lolote jingine, basi tutazamie watoto wake wawe na 108 kwa wastani, wengine juu ya hapo sana na wengine chini. Na ndugu wa tumbo moja hupitana kwa wastani wa kiasi cha 12. Kwa hivyo nyumba ya mzee wetu haina ajabu yoyote.

Sababu yake mkulima wa Trans Nzoia na wa Bungoma anaijua kwa mikono yake. Hapa Kitale ndipo Kenya Seed Company ilipoanzishwa mwaka 1956, na hapa ndipo watafiti walipochanganya mahindi yetu yaitwayo Kitale Synthetic II na mahindi yaliyotoka Ecuador, wakatoa mwaka 1964 mbegu chotara H611. Mavuno yake yaliwashangaza watu. Lakini jaribu kuchukua punje za mavuno hayo uzipande msimu wa pili: shamba halitakuwa kama la kwanza, kwani yale yaliyokutana katika mbegu ya mama yamekwisha tawanyika na kuchanganyika upya. Binadamu naye ni hivyo hivyo. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kila mara nusu hiyo hugawanywa upya. Na mambo ya damu yanayogusa akili ni maelfu, kila moja lina sehemu ndogo. Mzazi hampi mwanawe akili yake nzima. Humpa punje alizozishika mkononi siku ile.

Sasa chukua gunia moja la mbegu, ligawe nusu mbili, moja uipande katika udongo mweusi wenye mbolea, na moja katika udongo uliochoka. Ndani ya kila shamba, tofauti ya mmea na mmea huenda ikatokana na mbegu. Lakini tofauti ya shamba na shamba ni ya udongo. Tunalikaza jambo hili kwa kuwa nchi hii iliwahi kudhulumiwa kwa kutolielewa. Mwaka 1933 palianzishwa Nairobi jumuiya ya Wazungu ya kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa asili za watu, naye Dkt. H. L. Gordon akadai kuwa Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa. Na mwaka 1934 F. W. Vint akatangaza vipimo vyake vya bongo za maiti. Walioshika mashamba makubwa huku juu walipenda kusikia maneno hayo, kwani yalipunguza haja ya kumjengea Mwafrika shule.

Jibu lilitoka Embu. Watoto wa huko walipimwa mwaka 1984, na mwaka 1998 wakapimwa wengine wa umri ule ule, nao wakapata alama za juu zaidi waziwazi. Damu haibadiliki kwa miaka 14. Waliopima walisema kilichobadilika ni chakula, afya, na wazazi kujua kusoma.

Na jirani zetu wa Busia, tangu mwaka 1998, watoto wa shule 75 walipewa dawa ya minyoo kwa zamu, na kukosa shule kukapungua kwa robo. Hatusemi kuwa dawa iliwaongeza akili. Wachunguzi wenyewe hawakuona alama za mitihani zikipanda. Iliwarudisha darasani, na hilo si dogo. Kadhalika madini joto yanayotiwa katika chumvi: mama mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto hudhurika kabla hajazaliwa, hata wazazi wawe wasomi namna gani.

Kuna waliotutajia mwana wa Nabii Nuh kuwa ushahidi kwamba mwana hamfuati baba. Kisa kile ni cha imani, si cha akili, nasi tusikibebeshe mzigo usio wake.

Mzee aliporudi wiki ya pili tulimweleza haya yote, kisha tukamwuliza: binti huyu akitoka shuleni hufanya nini? Akasema huteka maji, hupika, na humwangalia mdogo wake. Na kijana? Akanyamaza kidogo, akasema, "Husoma." Tukamwuliza kama binti aliwahi kupimwa macho. Hajapimwa. Basi tulimshauri ampeleke akapimwe macho na masikio, na kazi za jioni zigawanywe kati ya wawili hao, na lile neno la kumtoa shuleni lisitajwe tena nyumbani mwake, hasa mbele ya binti. Ama upungufu wa karo, wenzetu wa darasa wameahidi kuuzungumza Alhamisi ijayo.