Pampu ya Insulini Ikikaa Kimya: Somo Kuhusu Mrija Ulioziba

Wanajumuiya, kisukari aina ya kwanza mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kwa hiyo wapo wenzetu wanaoishi nacho humu humu hosteli, tunakula nao wali maharage na kugombea nao viti vya mbele darasani. Wengi wao hujichoma insulini kwa bomba la sindano au kwa peni. Wachache wana pampu, kwa sababu ni ghali na vifaa vyake vinabadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Somo hili ni la hao wachache, na la yule anayelala kitanda cha juu yao.

Pampu inafanyaje kazi?

Mwaka 1978 madaktari wa Guy's Hospital, London, wakiwemo John Pickup na Harry Keen, walichapisha matokeo ya kuingiza insulini chini ya ngozi mfululizo kwa kutumia pampu ndogo ya kubeba. Pampu za leo bado zinafuata wazo lile lile. Ndani kuna kichupa cha insulini. Mota inasukuma insulini kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kanula, yaani kijiti laini cha plastiki kilichoingia chini ya ngozi ya tumbo au paja na kushikwa na plasta.

Pampu inatoa dozi za aina mbili. Ya kwanza ni dozi ya msingi, inayodondoka kidogo kidogo usiku na mchana. Ya pili ni dozi ya chakula, unayoiagiza mwenyewe unapokula.

Hapa kuna jambo la kulishika vizuri. Anayetumia peni kwa kawaida hujichoma pia insulini ya muda mrefu, ambayo hubaki mwilini kwa takriban saa 24. Hiyo ni akiba yake. Mwenye pampu hana akiba hiyo, kwa sababu pampu hutumia insulini ya haraka peke yake, na nguvu yake huisha ndani ya saa 3 hadi 5. Mrija ukiziba, saa inaanza kuhesabu.

Kwa nini kengele inachelewa?

Watu wengi hudhani pampu isipolia, mambo ni shwari. Si kweli. Kengele ya kuziba hupima shinikizo ndani ya mrija. Haipimi insulini iliyofika kwenye damu.

Tufanye hesabu kidogo. Insulini ya kawaida ya pampu ina uniti 100 katika mililita 1. Tone moja la maji lina kama mililita 0.05, sawa na uniti 5. Pampu inayotoa uniti 0.5 kwa saa itahitaji saa 10 kutoa ujazo wa tone moja! Kwa mwendo huo, shinikizo linapanda polepole mno.

Tuseme kengele ya pampu yako hulia insulini iliyokwama ikifika uniti 2.5 (kila pampu ina kiwango chake, soma kitabu chake). Ukiwa umelala na dozi ya msingi ni 0.5 kwa saa, italia baada ya saa 5. Lakini ukiagiza uniti 6 za msosi wa mchana, italia hata kabla dozi haijaisha. Ndiyo maana kuziba kwa mchana hugundulika mapema, na kwa usiku hugundulika mtu akiwa tayari anaumwa.

Tena kuna hitilafu ambazo kengele haizioni kabisa. Kanula ikichomoka chini ya plasta, insulini inamwagika juu ya ngozi. Njia iko wazi, shinikizo halipandi, pampu inaendelea kuandika kwamba imetoa dozi. Basi ile namba ya "insulini iliyopo mwilini" kwenye skrini ni insulini iliyotoka kwenye pampu tu. Kufika mwilini ni habari nyingine.

Mwilini kunatokea nini?

Insulini ni ufunguo wa kuingiza sukari kwenye seli, na pia ni breki ya kuyeyusha mafuta. Ikikosekana, ini linamwaga sukari zaidi kwenye damu, huku mafuta yakiyeyushwa na kugeuzwa kuwa ketoni. Ketoni ni asidi. Zikijaa, damu inakuwa na asidi nyingi, na hali hiyo inaua isipotibiwa. Kwa mtu wa pampu safari hii inaweza kuanza ndani ya saa chache tu tangu insulini ikatike.

Vinavyoziba

Kanula kujikunja wakati wa kuichomeka ndiyo sababu ya kawaida, na huonekana saa chache baada ya kubadilisha. Nyingine ni damu kuganda kwenye kanula, mrija kubanwa na mkanda au kujipinda chini ya godoro, na insulini yenyewe kuganda kwenye mrija uliokaa siku nyingi kupita kiasi. Kuna wanaoongeza siku ili vifaa vifike hadi bumu litoke. Sababu inaeleweka, lakini kila siku ya ziada inaongeza hatari ya kuziba.

Joto nalo haliachi. Insulini iliyopikwa na jua haizibi lazima, ila inapoteza nguvu, na dalili kwenye kipimo ni zile zile. Vilevile sehemu ya ngozi iliyovimba na kuwa ngumu kwa kutumika mara kwa mara hufyonza insulini vibaya. Hamisha sehemu kila unapobadilisha.

Ufanye nini?

Kanuni ni moja: sukari ikipanda bila sababu, shuku kanula na mrija kwanza. Usianze kuilaumu chipsi mayai ya jana.

1. Sukari ikipita 14 mmol/L na huelewi kwa nini, pima ketoni. Kwenye damu, chini ya 0.6 ni kawaida. Kuanzia 0.6 zinapanda, zaidi ya 1.5 ni hatari, na 3 au zaidi ni hospitali sasa hivi. Kumbuka kipimo cha mkojo huonyesha hali ya saa kadhaa zilizopita.

2. Ketoni zikiwa chini ya 0.6, toa dozi ya kurekebisha kwa pampu mara moja tu, kisha pima baada ya saa 1. Isiposhuka, nenda hatua ya 3.

3. Ketoni zikiwa 0.6 au zaidi, au huna kipimo chake, usiiamini tena pampu. Jichome dozi ya kurekebisha kwa bomba au peni, kwa kiasi ulichopangiwa kliniki. Halafu badilisha vyote: kanula, mrija, kichupa, na sehemu ya mwili. Kama insulini ilipata joto, fungua chupa nyingine.

4. Kunywa maji, pima kila saa 1 hadi 2. Pampu haijui kuhusu ile sindano, kwa hiyo usirundike dozi juu ya dozi, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

5. Ukitapika, ukipumua kwa kasi na kwa nguvu, au ketoni zisiposhuka, nenda hospitali. Usisubiri kukuche.

Pampu ikilia kwamba imeziba, chomoa mrija mwilini kwanza ndipo uukunjue. Insulini iliyobanwa inaweza kuingia yote kwa mkupuo. Mrija ukiwa umechomolewa, agiza pampu isukume: matone yakitoka, tatizo liko kwenye kanula, yasipotoka, liko kwenye mrija au kichupa. Kamwe usijaze mrija ukiwa umeunganishwa na mwili.

Kwa wenzake wa chumbani

Kiu kali, kukojoa kila mara, tumbo kuuma, kutapika, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, kusinzia. Ukiviona, usiseme ni presha ya mitihani wala pombe. Hata malaria hufanana na hali hii. Kupima malaria ni sawa, lakini mkifika zahanati sema mapema na kwa sauti: "Huyu ana kisukari aina ya kwanza, anatumia pampu. Mpimeni sukari na ketoni." Sentensi hiyo inaweza kuokoa saa ambazo mgonjwa hana. Vitufe vya pampu usiviguse kama hukufundishwa.

Naye mwenye pampu awaonyeshe wenzake anapoweka mfuko wa dharura: peni au bomba na insulini, kanula na mrija wa akiba, vipimo, na karatasi yenye dozi zake. Atoe pia taarifa kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya mitihani, ili kengele ikilia ukumbini msimamizi asidhani ni simu.

Jipime

Pampu inatoa uniti 0.4 kwa saa, na kengele hulia zikikwama uniti 2. Imeziba saa 5 usiku. Italia saa ngapi? Na kama saa 8 usiku umeamka kwenda msalani, ukapima ukakuta sukari 15, utasubiri kengele?

Jibu: italia saa 10 alfajiri. Na hapana, husubiri. Pima ketoni, uwe na bomba la sindano karibu.