Kuandaa na Kufungasha Kazi za Mikono kwa Ajili ya Soko
Kijitabu kwa mafundi wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Mgeni akiona shanga kwenye vibanda vya Arusha hudhani zote ni za Kimasai. Hajui kwamba kusini zaidi, kutoka Mbulu hadi chini ya Mlima Hanang, wako mafundi wengine kabisa. Wako wanawake wa Kiiraqw wanaoshona shanga na kusuka vikapu. Wako wahunzi wa Kidatoga wanaoyeyusha makufuli na mabomba mabovu na kuyageuza bangili. Wako Wahadzabe wa Yaeda Chini, mafundi wa pinde na mikufu ya mbegu. Ni sehemu chache sana Afrika ambako lugha za Kibantu, za Kikushi na za Kiniloti husikika mnadani pamoja na Kihadzabe chenye sauti za vidoko.

Utajiri huo haufiki sokoni na jina lake. Kazi huuzwa kwa jumla kwa mchuuzi, hutupwa kwenye kiroba, na ikifika mjini imepinda, imepata ukungu, na haina mwenyewe. Kijitabu hiki kinamhusu fundi anayetaka kuibeba kazi yake mwenyewe hadi mezani, ikiwa nzima na ikijulikana ni ya nani.

Chagua soko kabla ya kuchagua mzigo

Anayenunua mnadani Haydom au Katesh ni jirani yako. Anatafuta kibuyu cha maziwa, chungu cha kupikia, fimbo, mshipi. Mzigo huohuo ukiupeleka Karatu au Mto wa Mbu, kwenye njia ya magari ya watalii, utaurudisha karibu wote, kwa sababu mtalii ana begi moja na safari ndefu ya ndege. Yeye hununua kidogo, chepesi, kisichovunjika. Mkazi wa Dar es Salaam anayekuja Sabasaba huangalia kitu cha kupamba sebule au cha kumpa mtu zawadi.

Maonesho makubwa yana kalenda yake, nayo inagongana na ya shamba. Kilele cha Sabasaba ni Julai 7, na cha Nane Nane ni Agosti 8. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara hukutana kwa Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, Arusha. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo watalii huwa wengi, na ndiyo wengi wetu tunavuna na kupukuchua mahindi. Anayesubiri Juni ili aanze kushona amechelewa. Shanga na kusuka ni kazi za ndani, zifanyike wakati wa mvua. Kufinyanga na kuchoma vyungu kunahitaji jua, basi msimu wa kiangazi uliotangulia ndio wake.

Nafasi ya meza haipatikani siku ya maonesho. Kikundi kiende mapema kwa afisa biashara au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, au kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kwa walio upande wa Haydom, kituo cha utamaduni cha 4CCP kimezoea kupokea wageni wanaotaka kuona maisha na kazi za makabila ya eneo hili. Kutembelea hapo kutakuonyesha mgeni husimama mbele ya kitu gani na huuliza nini.

Vitu ambavyo havipandi gari

Hapa tunaomba usome polepole. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kuwa nyara karibu kila sehemu ya mnyama wa porini: pembe, jino, mfupa, kucha, ngozi, nywele, unyoya, hata yai. Miiba ya nungunungu kwenye mkufu imo. Ganda la yai la mbuni limo. Kuviuza bila kibali ni kosa, hata kama uliviokota na hukumuua mnyama. Mteja naye anaweza kukamatwa navyo uwanja wa ndege, akanyang'anywa na kuhojiwa. Mbegu, mbao, mfupa wa ng'ombe na ngozi ya mbuzi vinatosha kwa kazi nzuri. Kuna nchi, Australia ni mojawapo, zinazokagua kwa ukali mbegu na ngozi mbichi mpakani, kwa hiyo mweleze mnunuzi mkufu umetengenezwa kwa nini.

Kingine ni mali ya bibi. Sketi za ngozi zenye shanga walizovaa wasichana wa Kiiraqw zamani zimebaki chache, na nyingine ziko katika makumbusho ya ng'ambo. Kama ukoo wako bado unayo moja, usiipeleke sokoni kulipia nauli. Ipige picha, uitumie kama mfano wa kushona mpya, na umwone afisa utamaduni wa wilaya kuhusu namna ya kuitunza.

Kagua kama mnunuzi mgumu

Wiki moja kabla ya safari, toa kila kitu nje, mchana. Vuta kila mkufu kwa nguvu ya mtoto anayeuchezea. Uzi ukikatika nyumbani umepoteza nusu saa, ukikatika shingoni mwa mteja umempoteza yeye na rafiki zake. Kibuyu na kinyago vichunguzwe matundu madogo yenye vumbi kama unga, dalili ya mdudu. Chenye dalili kitengwe, kwa sababu mdudu mmoja huhamia mzigo mzima. Ngozi iliyopakwa mafuta ianikwe kivulini siku kadhaa mpaka harufu ipungue. Jua kali huikakamaza. Bangili isuguliwe kwa majivu na ndimu, ioshwe na ikaushwe kabisa.

Kufungasha

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na kwa kazi zetu hilo si hasara. Ngozi, ukindu na mbao vikifungwa kwenye nailoni vikiwa na unyevu kidogo hupata ukungu kabla havijafika Babati. Tumia magazeti, mabaki ya vitenge, nyasi kavu, maranda ya seremala.

Chungu kijazwe nyasi ndani kwanza, kisha kivikwe gazeti tabaka kadhaa, kikae wima ndani ya katoni bila kugusana na kingine. Tikisa katoni: ukisikia kitu kinacheza, ongeza nyasi. Kibuyu ni chepesi lakini hupasuka kikikandamizwa, basi kikae juu ya kila kitu. Vikapu vya ukubwa tofauti vitumbukizwe kimoja ndani ya kingine, na ndani ya kile kidogo weka mafurushi ya shanga. Kila mkufu ufungwe peke yake kwenye kitambaa na kulazwa bila kukunjwa. Mikufu ishirini iliyosokotana itakula asubuhi yako yote huku wateja wakipita. Bangili zivikwe kitambaa kikavu na ziwekwe chini, kwa kuwa ndizo nzito.

Andika kwenye kila katoni, kwa kalamu nene, jina, simu na upande wa juu. Chenye kuvunjika usikiache kipandishwe kwenye keria. Mwombe kondakta nafasi ndani, na kama kuna nauli ya mzigo, ilipe. Kutoka Katesh njia ya Arusha ni lami. Anayetoka vijijini Mbulu ana vumbi na mashimo mbele yake, na wakati wa mvua anaweza kukuta njia haipitiki, basi atangulie siku moja. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang yaliua watu na kufukia nyumba na biashara Katesh. Mvua kubwa ikinyesha, hakuna soko linalostahili kukimbiliwa.

Bei na lebo

Bei ipangwe nyumbani, kwa kalamu. Tuchukue mfano: shanga na uzi wa mkufu mmoja ni shilingi 4,000, na siku yako ya kazi unaihesabu shilingi 7,000. Nauli na meza ni shilingi 60,000. Umebeba vitu 60 lakini unatarajia kuuza 40. Gawanya kwa 40, si kwa 60: kila kimoja kinabeba shilingi 1,500. Mkufu huo umekugharimu shilingi 12,500 kabla ya faida. Ukiuuza shilingi 10,000 kwa sababu mteja amekuonea huruma, umemlipia sehemu ya mkufu. Wengi huacha kuhesabu siku yao ya kazi, hasa akina mama wanaoshona usiku baada ya shughuli za nyumbani. Usiku huo ni kazi, uandikwe.

Lebo iwe kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwa uzi. Iseme kweli na kwa ufupi: bangili ya Kidatoga, shaba ya manjano, imefuliwa Hanang, jina la kikundi, simu. Kama shanga ni za dukani, usiseme ni za asili. Kama muundo ni wa jirani zako Wahadzabe, waulize kwanza, na lebo iseme hivyo.

Weka pia lipa namba mahali inapoonekana, noti ndogo za chenji, kitambaa cha rangi moja cha kutandika mezani, na daftari.

Baada ya soko

Ukifika nyumbani, fungua mzigo uliorudi siku hiyohiyo na uuanike. Hesabu kwenye daftari kilichouzwa, kilichoulizwa sana na kisichoguswa, kisha mlipane mbele ya kikundi kizima. Daftari hilo lihifadhiwe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachokwenda kuomba kikiwa na kurasa za mauzo ya kweli kina la kuonyesha afisa atakapouliza biashara yenu inaendaje.