Moluska wa Ziwa Nyasa: Konokono wa Kichocho

Kitoni, mwenye vipande nane vya gamba, ni moluska wa baharini tu. Usimtaje kwenye swali la ziwa. Mtahiniwa wa Ruanda au Mbamba Bay ana mfano wa karibu zaidi: Bulinus, mwenyeji wa kati wa kimelea cha kichocho cha mkojo.

Shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama. Mdomo wa Bulinus uko kushoto. Wengi huishia hapo na kukosa alama, kwa sababu Lanistes, asiyeambukiza kichocho, naye hufungukia kushoto. Tofauti ni kifuniko: Lanistes huziba nacho mdomo anapojificha, Bulinus hana. (Gamba tupu halithibitishi kitu, Lanistes akifa kifuniko hubanduka.) Bulinus hupumua kwa pafu.

Bulinus globosus hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Bulinus nyassanus huishi kwenye mchanga wa ufuko wazi, na kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, imethibitika kuwa hubeba kimelea hicho. Hivyo jibu “ufuko wa mchanga usio na majani ni salama” si sahihi kwa Nyasa.

Swali: Konokono hai anayefungukia kushoto ameonekana mchangani Liuli. Utajuaje kama ni Bulinus? (alama 2)