Jina Lako Liko Katika Chama Gani? Fahamu Sajili ya Wanachama

Wakazi wengi wa Lodwar na Kakuma wamezoea kuthibitisha majina yao kwenye sajili ya wapiga kura. Iko sajili nyingine ambayo haiangaliwi sana, nayo ni ya wanachama wa vyama vya kisiasa. Hiyo ndiyo inayoamua ni nani atapiga kura katika mchujo wa chama.

Mnamo Juni 2021, Wakenya walipoanza kuangalia uanachama wao kupitia eCitizen, wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yalifika hadi kwa Kamishna wa Kulinda Data, ofisi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019. Watu waliuliza: namba zetu za kitambulisho zimetoka wapi? Hesabu mahali unapoiandika kwa wiki moja, kwa wakala wa M-Pesa, getini kwenye ofisi, kwenye orodha ya mkutano, na pengine hutashangaa sana.

Jambo hili lina madhara. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kijana wa Kanamkemer au Kalobeyei anayetaka kuwania kiti cha mwakilishi wadi bila chama anaweza kuzuiwa na chama asichokijua hata rangi yake. Vivyo hivyo, IEBC inapotafuta makarani wa muda huhitaji watu wasioegemea upande wowote.

Kwa wale waliojiunga kwa hiari, Kifungu cha 91 kinataka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia na kifanye uchaguzi wa ndani ulio huru na wa haki. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, kama ilivyorekebishwa Januari 2022, inatambua njia mbili za kuteua wagombea: wanachama kupiga kura wenyewe, au wajumbe kuwapigia. Kwa njia ya kwanza, asiye kwenye sajili hapigi kura.

Sasa vyama vinaingia mtandaoni. Tarehe 26 Aprili 2024, UDA ilifanya uchaguzi wa mashinani kwa mfumo wa kielektroniki katika kaunti tano, ikiwemo jirani yetu Pokot Magharibi. Mfumo kama huo unaweza kuharakisha kuhesabu kura, lakini hauwezi kurekebisha sajili mbovu. Tena kwetu Turkana kuna suala la mtandao. Mwanachama aliye Lodwar mjini ana intaneti mfukoni. Mfugaji aliyehamia malishoni na simu yake ya kabambe hana. Chama kikiamua mambo kwa simu pekee, mji ndio utakaoamua kwa niaba ya malisho. Muulize kiongozi wa chama chako wadini amepanga nini kuhusu hilo.

Nchini Italia, chama cha Five Star Movement kilijengwa juu ya kura za mtandaoni. Februari 2021 wanachama wake waliulizwa kama chama kiunge mkono serikali ya Mario Draghi, na takriban asilimia 59 wakakubali. Swali lenyewe lilitungwa na viongozi. Miezi michache baadaye chama kiligombana na shirika la Rousseau, lililoendesha mtambo wa kura, na shirika hilo halikuikabidhi orodha ya wanachama hadi mamlaka ya kulinda data ilipoliamuru, Juni 2021. Kwa hiyo uliza pia: orodha ya chama chako anaishika nani?

Kuangalia hali yako, ingia eCitizen kwa namba ya kitambulisho chako na ufungue huduma za Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Hapo utaona chama ulichoandikishwa, na unaweza kujiuzulu papo hapo. Ukisaidiwa saiba, usimwachie mtu nywila yako, na uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Asiye na intaneti anaweza kujiuzulu kwa barua kwa chama. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Ukiwa na mgogoro na chama, anza na utaratibu wa ndani wa chama na utunze ushahidi kwamba ulijaribu, kwa sababu Mahakama ya Migogoro ya Vyama vya Kisiasa itauulizia.