Somo la Wiki: Kompyuta Ikikuonya, Usikimbilie "Endelea"



Somo la leo linaonekana la mafundi wa kompyuta, lakini mimi naliona ni la dhamiri pia. Uko nyumbani, unataka kufungua barua pepe au akaunti ya benki. Ghafla ukurasa mzima unakuwa onyo: muunganisho huu si salama, cheti kina tatizo. Pale chini kuna njia ya kuruka onyo na kuendelea. Wengi wetu tunabofya hapo hapo. Ngoja kwanza.

Cheti ni nini?

Kanuni ya 903 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inazungumzia padre mgeni anayeomba kuadhimisha Misa mahali asipojulikana. Anapokelewa akionyesha barua ya utambulisho ya askofu au mkubwa wake, iliyotolewa ndani ya mwaka huo. Anayeisoma anaangalia mambo matatu: Je, jina ni la huyu aliyesimama mbele yangu? Nani ametia sahihi? Na tarehe je?

Kivinjari chako kinaiuliza kila tovuti maswali hayo hayo. Jibu lisiporidhisha, kinakusimamisha.

Tutafute kosa liko wapi

1. *Fungua tovuti nyingine mbili au tatu.* Zote zikigoma, tatizo liko kwako au kwenye mtandao unaotumia. Ikigoma moja tu, huenda tatizo ni la tovuti hiyo.

2. *Tazama saa na tarehe.* Hiki ni chanzo cha kawaida sana. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2015, vyeti vya leo inaviona havijaanza kutumika. Washa saa ijipange yenyewe kwa intaneti, na uchague majira ya Nairobi. Ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, betri ndogo ya duara iliyo ndani imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile inayoandikwa CR2032. Fundi anaibadilisha kwa dakika chache.

3. *Soma anwani herufi kwa herufi.* Onyo likisema jina halilingani, pengine umekosea kuandika, au umeletwa na kiungo cha matapeli. Ukiwa kwenye waifai ya hoteli au mgahawa, labda hujaingia kwanza kwenye ukurasa wao.

4. *Mtoaji hajulikani?* Sasisha mfumo wa kompyuta na kivinjari. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kuonya hata penye usalama. Programu ya kuzuia virusi nayo inaweza kusababisha, maana nyingine hujiweka katikati yako na tovuti.

5. *Cheti cha tovuti yenyewe kimeisha muda?* Hapo huna cha kurekebisha. Wajulishe wahusika, kisha subiri. Nywila na namba za benki usiandike kabisa.

Kwa nini nasisitiza? Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar, iliyokuwa ikitoa vyeti, wakajitengenezea cheti bandia cha Google. Kilitumika kuwapeleleza watumiaji wa Iran. Vivinjari vikaacha kuviamini vyeti vyake, na mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Mwenye kuaminiwa akianguka, wanaoumia ni wengi.

Na tukumbuke: alama ya kufuli haisemi kwamba mwenye tovuti ni mtu mwema. Inasema tu kwamba uko kwenye anwani iliyoandikwa pale juu, na mnachoongea hakisikilizwi njiani. Hata tapeli anaweza kupata cheti cha tovuti yake.

Na dhamiri je?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba dhamiri inaweza kukosea. Ni kama kompyuta yenye saa mbovu. Kuna kijana anayeona dhambi kila mahali, hata akisinzia kidogo kwenye rozari. Huyo asizime onyo. Aende kwa padre muungamishi amsaidie kurekebisha saa. Kuna mwingine ambaye kila dhamiri ikimgusa anabofya "endelea": uongo kidogo leo, picha chafu kesho, fedha za jumuiya keshokutwa. Mwishoni onyo linabaki pale pale, ila macho yamezoea kuliruka. Thoma anaongeza kwamba kutojua kunakotokana na uzembe wetu wenyewe hakutuondolei hatia.

Kwa hiyo dawa ya onyo lolote ni kulichunguza. Pengine ni la uongo, na utajua kwa nini. Pengine ni la kweli, na limekuokoa.

Zoezi la wiki

Hakikisha saa ya kompyuta ya nyumbani ni sahihi, na umwonyeshe mzazi au mdogo wako hatua hizi tano. Halafu jioni, kabla ya kulala, jiulize: ni onyo gani la dhamiri ninaloliruka siku hizi?

Tusali: Ee Roho Mtakatifu, inyoshe dhamiri yetu kwa ukweli wako. Tupe subira ya kusimama tunapoonywa, na unyenyekevu wa kurekebishwa. Amina.