Hodi, Yowe na Kigelegele: Vidokezo kwa Wanaopanda Moshi Desemba

Kila Desemba barabara ya Moshi hujaa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani. Wengi wa vijana waliomo wamekulia Dar es Salaam au Nairobi na kwa babu wanapajua kwa likizo tu. Kule juu nyumba zimefichwa na migomba, kwa hiyo mtu husikika kabla ya kuonekana. Ukipanda, jua sauti ipi inamwita nani.

1. Stendi, sikiliza kwanza. Wapiga debe watakuitia Marangu, Machame, Kibosho na Rombo kwa wakati mmoja. Taja unakokwenda, ikiwezekana na kijiji, kisha nyamaza. Ukijibizana na kila mmoja, begi lako litatangulia njia usiyoijua.

2. Piga hodi mapema. Usingoje kufika mlangoni. Kihambani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba, njia hupita katikati ya migomba na mibuni, na mwenyeji hakuoni mpaka uko uani kwake. Paaza sauti ukiwa bado njiani, ungoje "karibu". Hodi ya tatu isipoitikiwa, geuka urudi. Kuchungulia ni utovu wa adabu.

3. Usimwite mkubwa kwa jina tupu. Babu, bibi, baba fulani, mama fulani: hayo yanatosha. Mwenye duka mwite mangi, kama wanavyofanya hata Dar. Lakini ujue unachotamka. Mangi ni cheo cha watawala wa Kichagga; Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na utawala wa machifu nchini ulifutwa mwaka 1963. Cheo kilikwisha, heshima ya neno ikabaki.

4. Yowe halina utani. Hapa naomba tukae kidogo. Wanaokwenda shambani, wanaopika, waliolala, wote wakisikia yowe hutoka na kile kilichokuwa mkononi: panga, ndoo, tochi. Hawaulizi nani kaita. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu mtoto anayepiga yowe kwa mchezo hukemewa vikali, kwani siku ya hatari watu watakawia.

Kisha taja jambo lenyewe. "Moto!" huleta ndoo. "Mwizi!" huleta fimbo na mawe, na nchini kwetu neno hilo limeua watu wasio na hatia. Usilitamke kwa sababu tu umemshuku mtu. Piga 112, polisi. Moto ni 114, Zimamoto, lakini yowe litangulie, maana jirani yuko karibu kuliko gari. Moto ulipowaka Hifadhi ya Kilimanjaro Oktoba 2020, wanavijiji walikuwa miongoni mwa mamia waliopanda kuuzima.

5. Juu kabisa, acha kupiga kelele. Kwa wanaopanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ni nyembamba na kupayuka kunamaliza pumzi. Beba filimbi. Ishara ya hatari inayojulikana milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Atakayekusikia atajibu kwa milio mitatu. Filimbi haichukui nafasi hata mfukoni.

6. Msibani, mfiwa ndiye wa kwanza. Wahenga walisema kilio huanzia kwa mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Ukifika usiangue kilio cha kuwazidi wenye msiba. Yupo anayelia kwikwi pembeni, yupo anayebubujikwa na machozi bila sauti, yupo anayeomboleza kwa kumtaja marehemu na wema wake. Wote wanalia sawasawa. Toa pole, kaa, halafu uliza kuna kuni za kupasua au maji ya kuchota.

7. Ndafu ikiingia, piga kigelegele. Mbuzi mzima aliyebanikwa haletwi kimya harusini. Dada zangu wa mjini, ulimi haujavunjika, jaribuni. Wanaume, kwenu kuna vifijo na makofi.

8. Muulize bibi. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Johnson, iliyotoka mwaka 1939, imehifadhi maneno ya miito kama ukemi, ukunga na kikorombwe, mwito unaopigwa kwa kupuliza mkononi. Ni maneno ambayo kijana wa leo hayatumii. Kichagga nacho kina ya kwake, ya Rombo si ya Machame, na mengi yamo vichwani mwa wazee tu. Muulize waliitanaje kutoka ng'ambo moja ya korongo hadi nyingine kabla ya simu, waliitaje watu mfereji ulipobomoka, na walioitwa waliitika vipi. Mwombe aite kwa sauti yake, umrekodi kwa simu, uandike maneno na jina la kijiji. Fanya hivyo Desemba hii, usingoje ijayo.